Kuku wa Mwinjuma na Gitaa la Ghalani

Kilole, Korogwe
4 Machi 2025

Kwa mtani wangu Kibwana,

Kuna jambo nimekuficha kuhusu albamu yako, na nataka kulisema kabla sijafa. Nimelitanguliza mbele ya salamu makusudi, maana nikianza kukuuliza habari za mbuzi nitabadili nia.

Sasa salamu. Hujambo wewe? Mama Husna hajambo? Mahindi yameota, au mmepanda mara ya pili kama kawaida yenu Wazigua, mnaoamini kila wingu linalopita? Huku kwetu Dorkasi ni mzima, isipokuwa magoti. Mimi ni moyo. Daktari alimweleza Dorkasi, naye akanieleza kwa kirefu: moyo wangu umekuwa kama ile pampu ya kisima cha shule, unaisukuma wee, unapata nusu ndoo. Kitandani natoka, mlangoni nafika, barabarani siendi tena. Lakini usije mbio. Watani wenzako wakikuona unakimbia watadhani nimeshakufa, wataanza kuja kudai jogoo wa msiba.

Najua umenikasirikia. Tangu albamu itoke mwaka jana hujaniletea hata chungwa, na hapo Sindeni machungwa yanaozea chini. Chanzo nakijua. Ulipiga gitaa peke yako siku mbili katika ghala la ushirika, binti yako Husna akarekodi. Jumamosi ghala lilikuwa tupu, ni wewe na magunia. Jumapili watu walijaa. Kisha ukanitumia rekodi zote mbili na ujumbe mmoja: "Mwalimu, chagua. Utakayoisema ndiyo itakayotoka." Nikachagua ya Jumapili. Ulinuna siku hiyohiyo na bado umenuna hadi leo.

Basi nililokuficha ni hili. Ile asali iliyokuja pamoja na rekodi, uliyosema nusu niipeleke kwa mchungaji wangu, mchungaji hakuiona.

Naona nimeandika asali. Asali ni kweli, lakini silo jambo lenyewe. Lenyewe ni kubwa zaidi na mkono umechoka. Nitaliandika barua ijayo.

Mama Getruda wa machungwa ndiye atakayekufikishia barua hii. Mwambie akusubiri ujibu.

Ni mimi, mtani wako,
Habakuki


Sindeni, Handeni
20 Machi 2025

Kwa Mwalimu Habakuki, Msambaa aliyeshuka mlimani akasahau njia ya kurudi,

Shikamoo. Mimi na wewe tumezaliwa mwaka mmoja, lakini nakupa shikamoo kwa kuwa unaumwa. Ukipona utanirudishia.

Habari ya moyo wako imenisikitisha, sitaki kusema uongo. Mama Husna aliposoma alikaa chini. Halafu akafika kwenye asali akasimama tena. Mchungaji wako alipita hapa kwenye harusi mwezi wa kumi, nikamuuliza kama aliipenda, akaniuliza kuipenda nini. Kwa hiyo asali nilikuwa najua. Niambie nisilolijua.

Na kwa nini tunaandikiana kama watu wa zama za Mjerumani? Nikipiga simu anapokea Dorkasi, anasema umelala. Saa nne asubuhi umelala. Saa tisa umelala. Saa moja jioni, taarifa ya habari inaanza, mtu uliyekuwa unatufukuza sebuleni ili usikilize taarifa ya habari, umelala. Hata wafu hawalali namna hiyo.

Mama Getruda amenisubiri mara mbili nikamrudisha bila barua, kwa sababu kila nikishika kalamu nilikuwa naandika matusi. Leo nimetulia. Nisikilize.

Jumamosi nilipiga vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Vidole hivi vya uzee vilinitii. Lile ghala tupu lilikuwa linanirudishia kila noti kama mtu mwenye adabu anayejibu salamu. Nilipomaliza Husna alikuwa hajapumua. Jumapili je? Jumapili uzi mwembamba ulikatika katikati. Nikafunga mwingine mbele ya watu, nikatyuni, na Husna hakuzima mitambo. Kisha kuku wa Mwinjuma, yule mlinzi wa ghala, akataga nyuma ya magunia, akatangaza. Unajua kuku akitaga anavyotangaza. Nikajaribu kumfunika kwa gitaa, akapandisha. Nikamfuata, akanijibu. Watu wakaanza kumpigia makofi kuku. Nikacheka nikasahau nilikokuwa, nikamaliza kwa kitu ambacho hata mimi sikijui.

Hiyo ndiyo uliyochagua.

Na hukuishia hapo. Kwenye jalada umeandika maelezo marefu yenye jina lako na cheo chako cha zamani. Umeandika kwamba katika kipande cha tatu "gitaa linazungumza na Muumba wake kwa lugha isiyo na haraka." Mwalimu! Kipande cha tatu nilikuwa nafunga uzi! Kuku anasikika kuanzia cha nne mpaka cha sita, na kuku hukumwandika kabisa. Mtangazaji mmoja wa Tanga akasoma maneno yako redioni, akasema kipande cha tatu ni ushujaa. Sasa watu wanakiomba. Mama Getruda anasema kuna harusi Segera bibi harusi ameingia ukumbini nacho. Binti wa watu anaingia kwenye ndoa akisindikizwa na mimi nakaza uzi.

Nimefikiri sana nikaona ni utani. Sawa, mimi ni mtani wako, nimezaliwa hivyo. Siku ukifa nitakuja kulala mbele ya jeneza lako nikiwa nimevaa koti lako na miwani yako, niwafundishe waombolezaji hesabu za kugawanya, na hawatazika mpaka wanipe changu. Hiyo ni haki yangu na hakuna wa kunizuia. Lakini kazi ya mikono ya mtu hatutaniani.

Umesahau nani alinipa jazi? Mimi nilikuwa kijana wa kukata mkonge, nina vidole tu. Wewe ulikuwa mwalimu mpya, una redio na santuri, unaniketisha kwenye ukumbi wa shamba unaniambia, "Sikia hapo, Kibwana, amegeuza. Umesikia?" Nasema sijasikia. Unarudisha. Unarudisha mpaka nisikie. Bendi nzima tulikuita Sikio. Tangu enzi hizo sijapiga kitu chochote mbele ya watu kabla wewe hujasema kimekaa. Bila wewe mimi sijui kama napiga au nakuna.

Nimemwambia Husna aitoe ya Jumapili mtandaoni aweke ya Jumamosi. Amekataa. Anasema uamuzi alitoa Mwalimu, na Mwalimu ndiye wa kuutengua. Kwa hiyo niandikie moja kati ya mawili, ama sababu, ama ruhusa. Ukifa hujanipa, nitabaki na yule kuku mpaka kiyama.

Mtani wako, mwenye hasira,
Kibwana


Kilole, Korogwe
2 Aprili 2025

Kwa mtani wangu Kibwana,

Natumaini barua hii inakukuta una afya na hasira zimepungua kidogo. Magoti ya Dorkasi yamepata nafuu kwa majani aliyoletewa kutoka Lushoto. Mimi nimepungua suruali. Nikisimama inabaki imekaa.

Umeniuliza sababu, nami nitakupa. Rekodi ya mubashara, Kibwana, ni tofauti na rekodi ya studio. Mtu anayepiga gitaa peke yake mbele ya watu ni kama mwalimu mbele ya darasa: darasa nalo linafundisha. Jazi haijifungii ndani na kufuli. Inaacha mlango wazi, na anayeingia, awe mtu, awe upepo, anapewa kiti. Ya Jumamosi, kwa jinsi ulivyoieleza mwenyewe, ilifungiwa mlango. Ya Jumapili ilikuwa na watu, na ikiwa na watu basi ina uhai. Zaidi ya hayo, kukosea mbele ya hadhira na kuendelea ni...

Hapa Dorkasi amepita na uji, amesoma, amenitazama vile anavyomtazama mbuzi aliyeingia bustanini. Kwa hiyo nitakuungamia jambo la pili.

Yale maelezo ya jalada niliyaandika kabla rekodi hazijafika. Husna alikuwa ana haraka nayo, akaniandikia vipande vingapi na kila kimoja kina urefu gani. Cha tatu niliona ni kifupi, nikafikiri, wimbo mfupi lazima utakuwa sala. Ndipo akaingia Muumba. Kosa ni langu na ninaliomba radhi, kwako na kwa yule bibi harusi wa Segera.

Kuhusu simu, simu haina adabu. Mtu anakuingilia sikioni hujajiandaa. Barua inabisha hodi.

Bado silo jambo lenyewe. Nivumilie.

Mtani wako,
Habakuki


Sindeni, Handeni
9 Aprili 2025

Kwa Mwalimu,

Shikamoo ya pili, ziwe mbili unazodaiwa.

Hatujambo. Mahindi yameota, na hatukupanda mara ya pili, waambie Wasambaa wenzako.

Nimesoma sababu yako nikamsomea Mama Husna. Aliuliza, "Hii ni barua au anahutubia wakaguzi?" Mlango, kiti, upepo. Uliponifundisha hukuwa unasema hivyo hata siku moja. Ulikuwa unasema, "Hapa umechelewa. Hapa umekimbia. Hapa hapo, usiguse, pazuri." Kwa kidole. Nataka kidole.

Na hilo la jalada, nimecheka mpaka nikakohoa. Hiyo nimekusamehe. Lakini sasa nina hofu zaidi, kwa sababu mtu anayeandika bila kusikiliza anaweza pia kuchagua bila kusikiliza. Niambie hukufanya hivyo. Niambie ulizisikiliza zote mbili mpaka mwisho.

Usijibu kwa barua. Alhamisi ya tarehe 24, baada ya Pasaka yenu, nakuja Kilole na gitaa. Nitakaa kando ya kitanda chako. Nitapiga vile nilivyopiga Jumamosi, halafu nitapiga vile vya Jumapili, na kuku nitamwigiza mwenyewe. Wewe utaninyooshea kidole, "Hapa, Kibwana, hapa ndipo ya pili ilipoishinda ya kwanza." Ukininyooshea, nainyamazia albamu mpaka mwisho wa uhai wangu. Ukishindwa, unampa Husna ruhusa, na ya Jumapili inafutwa.

Na safari hii utanyamaza. Mara ya mwisho nilipokuja ulizungumza tangu navua viatu mpaka navivaa. Nilikuomba chumvi, ukanieleza historia ya reli. Nilikuomba tena, ukafika Moshi. Nilikula mboga hivyohivyo.

Mtani wako,
Kibwana


Kilole, Korogwe
14 Aprili 2025

Kwa Kibwana,

Salamu. Usije tarehe 24. Barabara imekatika kwa mvua, na siku hiyo tuna wageni wa kwaya, na tena mbwa wa jirani amekuwa mkali hachagui. Pia gitaa huharibika kwa unyevu.

Mtani wako,
Habakuki


Sindeni, Handeni
16 Aprili 2025

Kwa Mwalimu,

Mama Getruda amepita kwenye hiyo barabara iliyokatika na gari limejaa machungwa, hakumwaga hata moja. Anasema mbwa wa jirani yako hana meno. Kwaya nimewapigia simu, nao wanasema siku hiyo wako Mombo.

Nakuja.

Mtani,
Kibwana


Kilole, Korogwe
Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Kwa Kibwana, ndugu yangu,

Nimemwomba Mama Getruda akupe barua hii mkononi, na asiondoke mpaka uimalize, ili uwe umeisoma kabla ya Alhamisi. U hali gani? Mama Husna je? Mimi jana nilipelekwa kanisani kwa kiti, nikaketishwa mbele kama bibi harusi. Usiku haukuwa mzuri, lakini asubuhi imekuja na nimo ndani yake.

Umeniuliza kama nilizisikiliza rekodi zote mbili mpaka mwisho. Nitakueleza siku ile ilivyokwenda, na wewe utaamua mwenyewe uite nini.

Husna alizileta asubuhi pamoja na spika ndogo. Akaniwekea mezani, akanionyesha pa kubonyeza, akaenda sokoni ili asinisumbue. Dorkasi alikuwa ameketi mbele yangu na ungo, anachambua mchele wa mchana. Nikabonyeza ya Jumamosi. Kibwana, sikuitazama ile spika hata kidogo. Nilimtazama Dorkasi usoni, kama nilivyokuwa nawatazama watoto wakifanya mtihani. Aliendelea kuchambua. Anatoa jiwe, anatupa. Mara moja alitikisa kichwa kidogo kwa heshima. Sura yake ilikuwa ya mtu anayesikiliza mahubiri mazuri huku anawaza atapika mboga gani. Taa ya spika ilipozimika nilijua imekwisha, na mchele ulikuwa umechambuliwa nusu, safi kabisa.

Nikabonyeza ya Jumapili. Mwanzo ilikuwa vilevile, jiwe, tupa, jiwe. Halafu akainua kichwa akaikazia macho spika. Nadhani hapo uzi ulikuwa umekatika. Akasubiri. Midomo imefunguka kidogo, kama mtu anayemwangalia mtoto akivuka kijito kwenye gogo. Muda ukapita, akashusha mabega. Baadaye kidogo akaanza kucheka. Unajua Dorkasi hachekagi, anatabasamu kwa ratiba. Alicheka mpaka ungo ukainama, mchele ukamwagika miguuni, na hakuuokota. Sasa ndipo najua kuwa alikuwa ni kuku wa Mwinjuma.

Kisha mikono yake miwili ikabaki ndani ya mchele haifanyi kitu. Huyu ni mwanamke aliyelala usingizi katika kila dansi tuliyopiga tangu ujana wetu. Gitaa lako alikuwa analiita "kile kisanduku cha Kibwana." Alikaa hivyo mpaka taa ikazimika, na ilipozimika aliendelea kukaa. Mkaa haukuwashwa. Siku hiyo tulikula saa kumi na moja, na wali ulikuwa na mawe.

Husna aliporudi nikamwambia: ya Jumapili.

Kwa hiyo ruhusa unayoitaka siwezi kukupa, maana aliyechagua si mimi. Kamwombe Dorkasi, kama unao ubavu.

Umeona sasa kwa nini nisingeweza kukunyooshea kidole. Umeona pia habari ya chumvi. Ukiwa unazungumza mwenyewe hakuna anayeweza kukuuliza kitu, na historia ya reli ni ndefu, inatosha chakula kizima. Miaka kadhaa nyuma nilianza kudhani watu wa Kilole wamestaarabika. Watoto hawapigi kelele wakitoka shule, pikipiki zinapita kwa unyenyekevu, na wanakwaya wanaimba kwa kiasi kama watu waliolelewa. Nilimsifia Dorkasi hali hiyo, naye akanitazama, akaenda jikoni kuchukua sufuria mbili, akazigonganisha nyuma ya kisogo changu. Sikugeuka. Ndivyo tulivyojua.

Nilimwapisha asiseme. Kwa watu wengine nisingejali. Mhudumu wa zahanati anajua, mchungaji anajua, hata yule mbwa nadhani anajua. Ni wewe tu. Kwa sababu wewe una vidole, na mtu wa vidole hata akizeeka atakuna kitu. Mimi sikuwa na vidole, gitaa langu la ridhimu kwenye bendi unalikumbuka, mlikuwa mnalipunguza sauti mkidhani sioni. Mimi nilikuwa ni lile jina mlilonipa, Sikio. Ulipoandika "Mwalimu, chagua," niliisoma mara nyingi sana. Nilifurahi kama kijana. Sikuweza kukujibu kwamba umemtumia mtu aliyehama.

Njoo Alhamisi. Njoo na gitaa. Usinipigie mimi, mpigie Dorkasi. Mweke karibu na dirisha penye mwanga, na mimi mniweke mahali ninapouona uso wake vizuri. Piga vya Jumamosi, piga vya Jumapili, mwigize na kuku. Mimi nitamtazama yeye, na nikinyoosha kidole ujue ndipo hapo. Chumvi itakuwa mezani.

Nimezunguka tena. Dorkasi yuko nyuma yangu, ameisoma yote, na ameweka kidole chake hapa chini ya mstari huu, hakiondoi. Anataka niliandike lenyewe, kwa maneno yake, kama mtu mzima. Basi naliandika.

Mimi ni kiziwi, Kibwana. Albamu yako sijaisikia.

Ndugu yako,
Habakuki